Hesabuni Watoro Kabla ya Kuhesabu Watuhumiwa

Barua ya wazi kwa wenyeviti wa serikali za mitaa ya Dar es Salaam

Waheshimiwa wenyeviti,

Barua hii inaletwa kwenu, haijapelekwa kwa Mkuu wa Mkoa wala kwa Kamanda wa Polisi wa Kanda Maalumu, kwa sababu ofisi ya mtaa ndiyo ya kwanza kuweza kujua kwamba mtoto fulani haendi tena shule, na ndiyo ya mwisho kuulizwa siku anapokamatwa na panga mkononi. Kati ya siku hizo mbili hupita miezi mingi, pengine miaka. Muda wote huo mtoto anaonekana. Muuza genge anamwona, vijana wa bodaboda wanamwona, mjumbe wa serikali ya mtaa anapishana naye kila asubuhi saa ambayo wenzake wako darasani. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye daftari, anayemwandika jina na kwenda kugonga mlango wa kwao.

Uhalifu wa watoto katika jiji hili unazuilika. Unazuilika mapema, tena mtaani, iwapo utoro wa shule utafuatiliwa kwa bidii ileile inayotumika kufuatilia wezi.

Jiji lina kumbukumbu ya kutosha kuhusu njia nyingine, ya misako. Jioni ya Januari 2, 2015, hofu ya Panya Road, kundi la vijana wahalifu, ilisambaa Dar es Salaam kwa saa chache tu. Maduka yalifungwa, watu walikimbilia majumbani, simu zikawa zinaita kila upande kuuliza kundi limefika wapi. Ilielezwa wakati ule kwamba chanzo kilikuwa vijana waliotoka kumzika mwenzao, aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi. Siku zilizofuata polisi walikamata vijana kwa mamia. Kabla ya Panya Road walikuwapo Mbwa Mwitu, na nyuma zaidi Komando Yosso. Septemba 2022 vilio vilirudi: huko Kawe nyumba zilivamiwa usiku na mwanafunzi wa chuo akauawa. Polisi wakatangaza kwamba watuhumiwa 6 wameuawa, misako ikapamba moto, halafu mitaa ikatulia.

Kijana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 2022 alikuwa na miaka 8 mwaka 2015. Alikuwa darasa la pili, au alipaswa kuwa huko, wakati wazazi wa mtaa wake wakifungia milango kumwogopa kaka wa jirani. Msako wa 2015 haukumhusu. Hakuna aliyekuja kuuliza kama amekula, kama ana dawati, kama kwao kuna mtu mzima jioni. Miaka saba ilikuwapo ya kumwahi, na ikapita. Leo hii yuko darasa la kwanza mtoto ambaye atakuwa na miaka 15 siku jiji litakapolipa kundi jingine jina jipya. Huyo ndiye ambaye barua hii inamtetea, pamoja na watu ambao hawatajeruhiwa iwapo atafikiwa sasa.

Wapo wananchi wanaosema sheria inawadekeza wahalifu wadogo. Ni vyema kuisoma sheria yenyewe. Kanuni ya Adhabu inasema mtoto chini ya miaka 10 hawezi kuwajibishwa kwa jinai, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki hadi ithibitishwe kwamba alijua anachokifanya ni kosa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inaagiza mashauri yake yasikilizwe na mahakama ya watoto, atengwe na watu wazima anaposhikiliwa, na inakataza asihukumiwe kifungo cha gerezani. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, au kumpeleka shule ya maadilisho. Shule hiyo iko Irambo, Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Mzazi wa Vingunguti anayeuza ndizi za kukaanga ataweza kwenda kumwona mwanawe mara ngapi kwa mwaka?

Sheria hiyohiyo, ambayo wengi huisoma kama kinga ya mtuhumiwa, ina vifungu viwili vinavyowagusa ninyi moja kwa moja. Kifungu cha 94 kinaweka wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto mikononi mwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu au nafasi ya kucheza, aifikishe taarifa hiyo kwa mamlaka ya eneo hilo. Kucheza kumetajwa pamoja na chakula. Waliotunga sheria walijua wanachokiandika.

Sasa mtoto huanzaje kuharibika?

Jibu la haraka ni umaskini, na jibu hilo halitoshi. Tandale, Manzese, Kigogo, Buguruni na Mbagala kuna maelfu ya watoto wa kaya maskini ambao hawajawahi kuiba hata embe. Umaskini huingia kwa mlango wa muda. Mama lishe anayetakiwa kuwa Feri au Kariakoo kabla ya mapambazuko anatoka nyumbani saa 10 alfajiri, na anarudi watoto wameshalala, au hawajulikani walipo. Baba yuko kwenye ujenzi Kigamboni, au aliondoka zamani. Mtoto anaamshwa na mwenzake wa miaka tisa. Akienda shule, sawa. Asipoenda, hakuna anayejua hadi mwisho wa muhula, na pengine hata hapo asijulikane. Shule yenye wanafunzi zaidi ya mia katika chumba kimoja haiwezi kumtafuta kila asiyeitika jina.

Mlango wa pili ni kipigo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya Watanzania, wavulana kwa wasichana, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono. Wengi wa waliotenda ni watu ambao mtoto anawafahamu: ndugu, jirani, mwalimu. Mtoto anayechapwa kwa mkanda nyumbani, akachapwa tena shuleni kwa kuchelewa au kwa kukosa mchango, anajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Halafu anatafuta mahali ambapo yeye hapigwi. Mara nyingi mahali hapo ni kijiweni, miongoni mwa wakubwa wanaompa nusu ya chipsi na jina la utani.

Hapo ndipo unapokutana na mlango wa tatu, ambao huzungumzwa kidogo mno kwenye mikutano ya mtaa: mtu mzima anayefaidika. Mtoto wa miaka 12 hana matumizi na mfuniko wa chemba, nondo za msingi wa nyumba ya mtu wala mita ya maji. Anaviiba kwa sababu yupo mtu mzima mwenye mizani anayenunua vyuma chakavu bila kuuliza vimetoka wapi. Simu iliyoporwa kituoni ina mnunuzi kabla ya jioni. Mashine za dubwi zimewekwa kando ya maduka, kwenye kimo cha mtoto, ingawa sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Vibanda umiza, vya kuonyeshea video, vinapokea kiingilio kutoka kwa watoto wenye sare za shule saa nne asubuhi. Wapo pia wakubwa wanaomtuma mdogo apite dirishani kwa kuwa mwili wake ni mwembamba, na wanajua akikamatwa ni yeye atakayepigwa. Msako unapokuja huyu mdogo ndiye anayepakiwa kwenye karandinga, na mwenye mizani kesho yake anafungua banda kama kawaida.

Mlango wa nne uko kwenye umri. Mtoto anamaliza darasa la saba akiwa na miaka 13 au 14. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, hatua iliyofungulia watoto wengi njia. Hata hivyo wapo wasiofaulu, wapo wanaofaulu wakaacha kidato cha pili kwa kukosa nauli, sare au moyo. Huyu wa miaka 15 aende wapi? Sheria ya ajira ya 2004 inamruhusu kazi nyepesi tu, zisizomdhuru na zisizomzuia kusoma. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ina fungu la vijana, asilimia 4, lakini kijana anayehesabiwa humo ni wa kuanzia miaka 18. Ni mkubwa kwa darasa la sita na mdogo kwa mkopo. Miaka mitatu au minne hiyo, ambayo mwili unakua na akili inatafuta heshima, ndiyo ambayo jiji limeiacha wazi kabisa. Magenge hayana masharti ya umri.

Milango yote minne mtaa unaweza kuigusa. Kabla ya kueleza jinsi gani, ni haki kutazama kwanza njia inayopendwa zaidi, ya kumtia mtoto hofu.

Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1970, watoto wakorofi walianza kupelekwa magerezani kutembezwa, wafungwa wakiwafokea na kuwaeleza mateso ya humo ndani ili waogope. Wazo hilo lilipendwa sana na wazazi na wanasiasa. Watafiti walipokuja kukusanya majaribio 9 yaliyolinganisha watoto waliotembezwa na wenzao ambao hawakupelekwa, walikuta waliotembezwa ndio waliofanya makosa zaidi baadaye. Huko New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa katika mji wa Dunedin kati ya 1972 na 1973 wamefuatiliwa maishani mwao mwote. Mwanasaikolojia Terrie Moffitt, akitumia kumbukumbu hizo, alieleza mwaka 1993 kwamba vijana wengi wanaovunja sheria wanapobalehe huacha wenyewe wakikua, maadamu hawajanaswa na jambo litakalowafungia njia ya kurudi, kama rekodi ya jinai, uraibu wa dawa za kulevya au kuacha shule. Kundi dogo ndilo linaloendelea, na dalili zake huonekana tangu utotoni, katika nyumba zenye ukali na uangalizi hafifu.

Ukiyaweka hayo mawili pamoja, msako wa jumla unaumiza pande zote. Unawakusanya wengi ambao wangeacha wenyewe, unawalaza chumba kimoja na wachache wazoefu, na kuwarudisha mtaani wakiwa na jina la mhalifu. Na wale wachache waliohitaji msaada tangu wakiwa na miaka saba, msako unawafikia wakiwa na kumi na saba.

Hata aliyekwisha kuzama hajapotea moja kwa moja. Monrovia, mji mkuu wa Liberia, vijana wa kiume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, uporaji na kuuza dawa za kulevya walishirikishwa katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Baadhi walipewa mafunzo ya wiki 8 ya kudhibiti hasira, kupanga mambo na kujiona upya kama raia wa kawaida, yakiongozwa na watu ambao baadhi yao waliwahi kuishi maisha hayohayo. Baadhi walipewa dola 200 kuanzisha shughuli. Baadhi walipewa vyote viwili. Kwa waliopata vyote viwili, wizi na vurugu vilipungua kwa takribani nusu, na walipotafutwa tena miaka kumi baadaye tofauti ilikuwa bado ipo. Hao walikuwa watu wazima waliotoka kwenye nchi ya vita. Mtoto wa miaka 14 wa Temeke yuko karibu zaidi na nyumbani. Na Temeke yenyewe, pamoja na Mbeya, zimewahi kuendesha mpango wa kuwarekebisha watoto walioingia matatani na sheria wakiwa wanaishi kwao, chini ya maafisa ustawi wa jamii. Ujuzi upo nchini.

Waheshimiwa, yafuatayo yanawezekana bila kusubiri bajeti ya Dodoma.

La kwanza ni daftari. Kila mwalimu mkuu ana daftari la mahudhurio, na kila mtaa una daftari la wakazi. Mara moja kwa mwezi madaftari haya mawili yakutane mezani: nani hajaonekana shule wiki mbili, anaishi kwa nani, nyumba ipi. Orodha hiyo ibaki ofisini, isisomwe hadharani, isibandikwe ukutani. Mjumbe mmoja, hasa mama au mzee anayeheshimika mtaani, apewe majina yasiyozidi matano na aende nyumba kwa nyumba.

La pili ni namna ya kugonga mlango. Mjumbe akienda kufoka, mzazi atampiga mtoto jioni ileile na mtoto hatalala ndani. Aende kuuliza. Kama tatizo ni njaa, kaya iunganishwe na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Kama ni kipigo au jambo baya zaidi, lipo Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, na ipo simu namba 116, huduma ya mtoto, isiyolipiwa. Kama mtoto aliacha shule na anaona haya kurudi, waraka wa elimu wa Novemba 2021 unamruhusu kurejea. Aliyepitwa na umri wa darasa lake ana MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa. Mkubwa zaidi ana mpango wa elimu changamani wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, IPOSA, unaochanganya kusoma na ufundi. Wazazi wengi wa Gongo la Mboto hawajawahi kusikia hata moja kati ya hayo. Kuwaeleza ni kazi ya nusu saa.

La tatu ni kwa watu wazima wanaofaidika. Mtaa unajua mizani yote ya vyuma chakavu iliyomo ndani ya mipaka yake, unajua dubwi ziko duka gani, unajua kibanda umiza kinachofunguliwa asubuhi. Waitwe ofisini waelezwe kwamba bidhaa iliyoletwa na mtoto hainunuliwi na mwenye sare haingii. Atakayekaidi jina lake lipelekwe kwa mkaguzi wa polisi wa kata na kwa ofisa biashara wa manispaa. Mtoto asipopata mnunuzi, wizi mwingi mdogo unakosa maana.

La nne ni uwanja. Maeneo ya wazi ya mitaa mingi yameliwa na fremu za maduka na maegesho ya malori, wakati mwingine kwa mhuri wa ofisi ya mtaa. Kipande kilichobaki kilindwe. Makocha wa timu za mchangani wanawajua watoto kuliko mtu yeyote. Wakikubaliana na mtaa kwamba mazoezi ni baada ya shule na kwamba mtoro hachezi mechi ya Jumamosi, watafanya kazi ambayo viboko havijaiweza. Wasichana nao wapewe siku zao na uwanja wao, kwa kuwa hatari zinazowakuta wakiwa nje ya shule ni nyingi na huonekana kidogo zaidi.

La tano ni siku mtoto anapokamatwa. Tairi na petroli za kumchomea zisionekane. Mwenyekiti mwenye simu na sauti anaweza kuokoa maisha kwa dakika kumi, na wapo miongoni mwenu waliowahi kufanya hivyo. Mtoto apelekwe kituoni akiwa mzima, mzazi aitwe, afisa ustawi ajulishwe. Na siku atakaporudi kutoka mahabusu ya watoto au Irambo, apokelewe: barua yake ya utambulisho iandikwe bila masharti ya ziada, fundi wa mtaa aombwe ampe nafasi ya kujifunza kuchomelea au kushona.

Inafahamika mtasikia nini mkianza. Mama aliyekatwa panga akitoka kazini atauliza kwa nini mtaa unawahangaikia watoto wa wezi ilhali yeye hajalipwa hata nauli ya hospitali. Swali lake ni la haki na linastahili kujibiwa bila kumpuuza. Aliyejeruhi ashtakiwe, mwathirika asindikizwe hospitali na mahakamani, ulinzi shirikishi uendelee usiku. Hakuna hata neno moja katika barua hii linalopunguza hayo. Kinachoombwa ni kwamba mama mwingine asijeruhiwe miaka mitano ijayo na mtoto ambaye leo jina lake lingeweza kuandikwa.

Mtasikia pia kwamba malezi ni kazi ya mzazi. Ni kweli, na wengi wenu ni wazazi. Lakini mzazi anayefanya kazi saa kumi na nne kwa siku anahitaji jicho la jirani, kama ilivyokuwa wakati ambapo mtoto akikutwa barabarani saa za masomo alikuwa anaulizwa na mtu yeyote mzima, na jibu lilifika nyumbani kabla yake.

Ombi la mwisho ni la utaratibu tu. Katika mkutano ujao wa mtaa, baada ya kusoma mapato na matumizi na kabla ya ajenda ya taka, wekeni ajenda moja yenye takwimu tatu: watoto wangapi wa mtaa huu hawakuonekana shule mwezi uliopita, wangapi wametembelewa nyumbani, na wangapi wamerudi darasani. Majina yasitajwe. Wasomeeni wananchi takwimu hizo tena mkutano unaofuata, na unaofuata, hadi wazoee kuziuliza wenyewe. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu aalikwe akae meza ya mbele, pamoja na afisa ustawi wa kata na mkaguzi wa polisi wa kata.

Wenu katika kulijenga taifa,

Mkazi wa Dar es Salaam